Shamba la zabibu Dodoma: mwinuko, mbuga au kando ya korongo? Kwa familia inayotaka mvinyo wake yenyewe

Tuanze na jibu, ubishi baadaye. Kama ni familia, mmechanga hela ya ekari nne tano hivi, na lengo ni kutengeneza mvinyo wenu wenyewe sio kuuza zabibu kwa kilo tu, chukueni shamba la mwinuko, lile lenye udongo mwekundu wa kichanga, hata kama dalali mwenyewe analionea aibu, halafu hela ikibaki tafuteni kipande kidogo karibu na korongo. Mbugani msiende. Najua kuna watu wataguna hapa, maana mbuga ndio ardhi inayovutia macho, nyeusi, imenona, mtama unasimama vizuri, wakati kule juu ni mawe mawe, mchanga na migunga. Ila mzabibu hautaki vitu ambavyo mtama unavitaka, na hapo ndipo watu wengi hela yao inapopotelea.

Kwanza muelewe Dodoma yenyewe. Tupo kama mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, mvua ni msimu mmoja tu, Desemba mpaka Aprili, kwa mwaka inacheza kwenye milimita 550 mpaka 600 na mwaka mbaya inashuka zaidi, kuanzia Mei mpaka Novemba ni kukavu kweli kweli. Ulaya mzabibu unapukutisha majani, unalala baridi yote, unaamka mwenyewe na unazaa mara moja kwa mwaka. Huku hamna baridi ya kuulaza, kinachouamsha ni mkasi wako, ukipogoa unachipua na takribani miezi minne baadaye unavuna. Ndio maana wakulima wa Hombolo, Mpunguzi, Mbabala, Makutupora na kwingineko wanavuna mara mbili, Februari na Machi halafu Agosti na Septemba. Sasa hiyo maana yake shamba unalinunua kwa ajili ya misimu miwili isiyofanana kabisa, na yapo mashamba ambayo msimu mmoja ni raha na msimu mwingine ni majanga.

Udongo, hapa tukae kidogo

Mwinuko. Uzuri wake mkubwa ni kwamba maji hayasimami. Mvua ikinyesha Januari hata kwa nguvu, kesho yake unaingia shambani na bomba la dawa mgongoni, buti hazizami. Mizizi inashuka chini yenyewe kutafuta unyevu, matawi hayachangamki kupita kiasi, punje zinakuwa ndogo, ganda linakuwa jingi ukilinganisha na maji ya ndani, na kwa mvinyo mwekundu rangi na ladha vinatoka kwenye ganda. Upepo wa Dodoma ambao watu wanaulalamikia unasaidia kukausha majani asubuhi, ukungu unakosa pa kukaa. Hasara zipo na sizifichi: mavuno ni madogo, maji yapo mbali au chini sana, mvua ya kwanza ikikuta udongo mtupu inaubeba wote inaupeleka kwa jirani, na mchwa. Aisee mchwa wa mwinuko. Nguzo za miti wanakula, mche mchanga wanakula, hata zile nyasi kavu za matandazo ulizotandaza kwa nia njema ya kutunza unyevu wanazifanya hoteli. Kwa hiyo matandazo tandaza ila acha duara tupu kuzunguka shina, nguzo za pembeni zinazobeba mzigo weka za zege au chuma, za katikati ndio unaweza kubahatisha na miti. Mistari ipite kukingama mteremko, isishuke nao, na chimba makingamaji kabla ya kupanda, sio baada ya shamba kuliwa na mvua.

Mbuga. Ule mfinyanzi mweusi unavimba ukilowa na unapasuka ukikauka, nyufa mkono unaingia, mizizi midogo inakatika na nguzo zinalala kama zimelewa. Masika maji yanasimama, mizizi inakosa hewa, na huwezi kuingia kupuliza dawa wiki ile ile ambayo ubwiri vinyoya, ule ukungu wa majani, unasambaa, yaani unakaa barazani unauangalia ugonjwa ukila shamba. Halafu mzabibu kwenye udongo ulionona unakimbilia majani, kivuli kinakuwa kizito, zabibu zinakuwa kubwa za maji maji, sukari inachelewa. Ni haki niseme kwamba kwa mtu anayeuza kwa kilo, na ana mifereji mizuri ya kutoa maji, mbuga inaweza kumlipa kuliko mwinuko, uzito ni uzito. Ila familia inayotaka chupa yenye jina lao, hapana. Na kuna ishu ya chumvi ambayo sehemu za chini chini Dodoma ni ya kweli, nitairudia kwenye maji.

Korongo. Hapa simaanishi ndani ya korongo, namaanisha ule ukanda wa kichanga jirani na mito yetu ya mchanga ambayo inatiririka siku chache kwa mwaka halafu maji yanabaki yamejificha chini. Raha yake ni maji, kisima kifupi tu na pampu ndogo ya sola umemaliza. Usiku wa Juni na Julai hewa ya baridi inateremka inakaa huku chini, na kwa zabibu nyeupe hiyo ni zawadi maana uchachu hauungui wote. Shida ni tatu. Mchanga haushiki mbolea, samadi unayomwaga leo mvua ya mwakani inaipeleka chini. Minyoo fundo inapenda mchanga kuliko kitu chochote, ile inayofanya mizizi iwe na vinundu, na hasa kama hapo palikuwa na bustani ya nyanya. Na mafuriko, ambayo yakija mwaka mmoja kati ya mingi yanaondoka na uzio, mirija na mistari ya mwisho. Juu ya hapo kuna sheria ya mazingira ya 2004 inayokataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto, kwa hiyo dalali akikuonyesha mpaka unaogusa mchanga wa mto piga hatua mita 60 kwanza, kinachobaki ndio shamba unalonunua. Wakati mwingine hakibaki kitu.

Ukiyaweka matatu pamoja kwa jicho la mvinyo: mwinuko unakupa ubora na unakudai maji, korongo linakupa maji na linakudai samadi na uangalizi, mbuga inakupa kilo na inakudai roho ngumu.

Maji

Hapa mimi ni mkali. Usilipe hata shilingi ya shamba kabla hujapima maji. Sio wingi tu, na chumvi pia. Mzabibu unaanza kupunguza mavuno maji ya umwagiliaji yakipita kiwango cha chumvi cha desisimensi 1 hivi kwa mita, na visima vingi Dodoma ukionja tu unajua vimepita hapo. Kipimo cha mkononi cha chumvi sio ghali, au peleka chupa maabara. Maji ya chumvi kwenye mwinuko wa kichanga unaweza kuishi nayo kwa kiasi, mvua ya masika inasuuza udongo kila mwaka, ila kwenye mfinyanzi wa mbuga chumvi inaingia haitoki, miaka mitano sita una shamba la majani yaliyoungua pembeni.

Mitaro au dripu? Hili sina haja ya kulipigia kelele. Dripu. Ukienda Chinangali kule Chamwino utaona mfumo wa matone ulivyowekwa kwenye mashamba makubwa ya pamoja, na kwa mkulima mdogo hesabu ni ile ile, maji machache yanafika kwenye mzizi na magugu katikati ya mistari yanakufa njaa. Mitaro ni rahisi kuanzia ila kwenye mchanga nusu ya maji inapotea kabla ya kufika mwisho wa mstari. Tangi liwe juu ya shamba, maji yashuke yenyewe, pampu ifanye kazi mchana jua likiwepo. Na kisima kirefu kinahitaji kibali cha bodi ya maji ya bonde, msije mkashtukizwa.

Masika dhidi ya kiangazi

Watu wanalinganisha mbegu na mbegu wanasahau kulinganisha msimu na msimu, wakati zabibu ile ile kutoka mche ule ule inatoa mvinyo miwili tofauti. Zabibu za Februari na Machi zimeiva kwenye mvua, mawingu, ubwiri wa aina zote mbili, vinyoya na unga, vichala vinaoza kwa ndani, sukari haipandi na ndio kipindi soko limejaa zabibu za kila mtu. Za Agosti na Septemba zimeiva kwenye jua kavu na usiku wa baridi, ganda safi, dawa umepuliza kidogo sana. Ila hizo zinaishi kwa maji yako mwenyewe asilimia mia.

Ushauri wangu kwa familia: mvinyo utoke kiangazi, masika uza mbichi, kamua juisi, fanya chochote kinachoingiza hela ya vibarua. Wapo wanaoenda mbali zaidi, masika wanauacha mzabibu upumzike, wanapogoa kwa ajili ya kujenga matawi tu. Mavuno ya mwaka yanapungua, ndio, lakini mzabibu unaobanwa mara mbili kila mwaka bila kupumzika unazeeka mapema, na nyie mnataka wajukuu waukute. Kwa mwinuko wenye maji ya kusuasua huo ndio mpango ninaoupenda zaidi.

Aina: Makutupora nyekundu, Syrah, Chenin Blanc

Makutupora nyekundu ndio ya kwetu, jina limetoka kwenye kituo cha utafiti pale Makutupora ambacho sasa kipo chini ya TARI, taasisi ya utafiti wa kilimo, na ndio mvinyo mwekundu wa Dodoma ambao wengi wameuzoea. Inazaa vizuri, inasamehe makosa ya anayeanza, na kila mnunuzi anaijua hivyo hata mvinyo ukigoma zabibu hazikudodei kirahisi. Ladha yake ni ya matunda, nyepesi, wajuaji wanaiponda ila wanywaji wanamaliza chupa.

Syrah ni ya bonde la Rhône Ufaransa, inapenda jua na mawe, ukiiweka mwinuko inatulia na inatoa mvinyo mzito wenye rangi. Ukiiweka mbugani unapata majani. Mavuno ni madogo kuliko Makutupora na haitaki kuchelewa kuvunwa, wiki moja tu ya uzembe punje zinasinyaa.

Chenin Blanc asili yake ni Loire, Ufaransa pia, Afrika Kusini ndio wameifanya yao, na sifa yake ni kwamba hata kwenye joto inabaki na uchachu, kwa hiyo kuipanda Dodoma ni jambo la akili. Tatizo lake shambani ni vichala vilivyobanana, masika unyevu ukiingia katikati ya kichala kimeoza. Tatizo lake kubwa zaidi lipo kiwandani: mvinyo mweupe unataka kuchachuka kwenye nyuzi kama 12 mpaka 18, na hiyo bila mtambo wa kupooza, bila umeme usiokatika, huipati. Mwekundu unachachuka vizuri nyuzi 25 mpaka 30, na ukivuna alfajiri zabibu zikiwa za baridi, ukatumia mapipa madogo kivulini, unaweza kuvuka bila mtambo wowote, cha kuogopa ni kupita nyuzi 35 maana hapo hamira inaanza kufa na mvinyo unabaki mtamu nusu nusu. Kwa hiyo kwa familia inayoanza na mtaji wa kawaida mimi nasema nusu Makutupora, robo tatu ya kinachobaki Syrah ya mwinuko, na mistari michache ya Chenin kule korongoni ya kujifunzia. Wakija kupata chila, yaani mtambo wa kupooza, ndio waongeze.

Miche chukueni kituoni au kwa mzalishaji anayejulikana. Vipandikizi vya bure vya jirani vinakuja na wadudu kama vidung'ata na minyoo fundo bila malipo ya ziada. Ukipanda mita 2 kwa 2 ekari inakula kama miche 1,000, mwaka wa pili unaonja, wa tatu ndio mavuno ya maana, kwa hiyo hela ya kula ya miaka miwili ya kwanza itoke kwingine, hilo msidanganyane kwenye kikao cha ukoo.

Kulima bila kuumaliza udongo

Watu wanauliza inawezekana kulima zabibu Dodoma bila dawa kabisa? Kiangazi, karibu hivyo. Masika, hapana, na anayekuambia vingine anakuuzia kitu. Linganisha hivi: kuna mkulima anayepuliza kwa ratiba, kila wiki, ugonjwa upo haupo, na kuna anayekagua majani ya chini kila asubuhi ya pili na kupuliza akiona dalili au mvua zikifuatana. Wa pili anatumia dawa kidogo ila anatumia miguu sana, na hapa ndipo familia inapomzidi tajiri mwenye ekari mia, kuna mama, kuna kijana, kuna mtu wa kupita shambani kila siku.

Salfa kwa ubwiri unga inafanya kazi, ni ya siku nyingi, bei nafuu, ila usipulize joto likipita nyuzi 32 inaunguza majani, na acha wiki nne tano kabla ya kuvuna la sivyo mvinyo unanuka mayai viza. Shaba kwa ubwiri vinyoya nayo inafanya kazi ila haitoki kwenye udongo, inajilimbikiza, ndio maana Ulaya hata wakulima wa asilia wamewekewa kikomo cha kilo 28 kwa hekta ndani ya miaka saba. Na kama mnafuga, jamani, mbuzi wanaingia shambani baada ya mavuno kusafisha majani na magugu sawa (mkiwa macho, maana mbuzi anakula na machipukizi), lakini kondoo muwaweke mbali na shamba lililopigwa shaba, miili yao haiiwezi, inakaa kwenye ini na inaua.

Samadi ya mbuzi Dodoma ni neema, tumieni iliyoiva. Kunde au choroko katikati ya mistari wakati wa mvua, mnang'oa au kulaza kabla ukame haujaanza zisije zikagombania maji. Machicha ya zabibu baada ya kukamua yasitupwe, changanya na samadi, yakiiva yarudi shambani, hasa kwenye lile la korongo lisiloshiba.

Kuuza zabibu, kuuza mchuzi, au kuuza chupa

Kilo moja ya zabibu inatoa mvinyo kama lita 0.6 mpaka 0.7, kwa hiyo chupa ya mililita 750 ukihesabu na upotevu ni kama kilo 1 na robo au na theluthi. Tuseme mwinuko umewapa tani 3 za kiangazi, hizo ni chupa 2,300 hivi. Inasikika tamu mpaka uanze kuhesabu chupa tupu, koki, lebo, usajili wa biashara BRELA, viwango vya TBS, stempu za kielektroniki za TRA, halafu mtu wa kuzunguka na gari kuzisambaza. Faraja ni kwamba mvinyo wenye zaidi ya asilimia 75 ya zabibu za ndani unatozwa ushuru wa bidhaa mdogo kuliko ule wa nje, hiyo inawapa pumzi. SIDO, shirika la viwanda vidogo, nao waulizeni mapema.

Kuuza zabibu mbichi ni rahisi ila ndio pale mnapokuwa mikononi mwa mnunuzi, zikiiva zimeiva, hazisubiri bei. Wazee wa Dodoma wanaikumbuka DOWICO, kiwanda cha serikali, na jinsi kilivyokufa wakulima wakabaki na mashamba wakang'oa mizabibu wakapanda mtama. Katikati kuna mchuzi wa zabibu: mnakamua, mnachachusha, mnahifadhi kwenye matangi, mnauza kwa lita kwa wenye viwanda vya kujaza chupa. Faida ni ndogo kuliko chupa lakini mchuzi unasubiri miezi, zabibu inasubiri siku. Kwa miaka mitatu minne ya kwanza hiyo ndio njia ninayoiona salama, sehemu kubwa mchuzi, na pipa moja moja bora kabisa, la Syrah ya juu, mnalijazia chupa zenu taratibu huku mnajifunza usafi, maana mvinyo mwingi wa wadogo hauharibiki shambani, unaharibika kwenye ndoo isiyooshwa vizuri.

Nunueni refraktomita, kile kipimo cha sukari ya zabibu, msivune kwa kalenda ya jirani. Brix 22, yaani sukari kama asilimia 22 ya juisi, inawapa kilevi cha asilimia 12 na kitu, na mwinuko na korongo havitafika hapo siku ile ile hata kama mche ni ule ule, mara nyingi unavuna kimoja, unapumzisha vibarua, unarudi kuvuna kingine, matangi machache yanatosha. Hii ndio sababu nyingine ya kupenda vipande viwili vidogo kuliko kimoja kikubwa.

Mkiwa mmefika hatua ya kwenda kuangalia, nendeni mara mbili. Nendeni Februari au Machi, siku moja baada ya mvua kubwa, muone maji yamesimama wapi na kama barabara inapitika, maana zabibu zilizovunwa zikilala njiani kwenye joto zinaanza kuchachuka ndani ya kreti. Halafu rudini Oktoba mwishoni muulizie kisima, mteke wenyewe, muonje. Dalali atataka kuwapeleka Juni. Juni kila shamba la Dodoma linapendeza.